Maswali ya Wasomaji: American Football, gitaa lao na ile nyumba

Bendi ya American Football ilivunjika mara tu baada ya albamu ya kwanza. Imekuwaje wajaze kumbi miaka mingi baadaye bila lebo (kampuni ya muziki) kubwa nyuma yao? (Msomaji, Arusha)

Walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana, Marekani: Mike Kinsella (sauti na gitaa), Steve Holmes (gitaa) na Steve Lamos (ngoma na tarumbeta). Walianza 1997, wakatoa EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya nyimbo tatu 1998, na albamu Septemba 1999. Masomo yakaisha, kila mmoja akashika njia yake.

Kilichowaokoa ni Polyvinyl, lebo ndogo ya huko huko Illinois. Iliendelea kuiuza albamu ya bendi ambayo haikuwepo tena. Lebo kubwa ina subira gani na bendi isiyopiga shoo? Kinsella naye alibaki hapo hapo Polyvinyl na kazi yake ya peke yake, Owen, kwa hiyo aliyempenda Owen alirudi nyuma akaikuta ile albamu ya 1999. Ilipotolewa upya 2014 pamoja na rekodi za majaribio, bendi ikarudi jukwaani. Onyesho la ukumbi wa Webster Hall, New York, likageuka kuwa la usiku tatu. Gitaa la besi wakampa Nate Kinsella, binamu yake Mike. Albamu za 2016 na 2019 zikatoka Polyvinyl vilevile.

Ukinunua santuri, angalia: albamu hizo tatu zote zinaitwa American Football. Kwenye jalada, ya 1999 ina nyumba kwa nje, ya 2016 ni ndani ya nyumba hiyo hiyo, ya 2019 haina nyumba kabisa.

Nafuata kodi (chords) zao kwenye gitaa langu lakini hazifanani kabisa. Nakosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Vidole vyako havina kosa, ni tyuning, yaani noti ambayo kila uzi umekazwa kuitoa. Wimbo unaofungua albamu ya 1999 haupigwi kwa tyuning ya kawaida. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba ni F-A-C-G-C-E. Ukilinganisha na ile ya kawaida, E-A-D-G-B-E, utaona nyuzi tatu tu ndizo zinazoguswa: wa sita (mnene kuliko wote) unapanda nusu toni, wa nne unashuka toni nzima, wa pili unapanda nusu toni.

Anza na wa nne, kwa kuwa kuulegeza kunapunguza mvuto kwenye shingo, ndipo ukaze wa pili na wa sita polepole. Huo wa nne ushushe chini kidogo ya C kisha uupandishe. Ukiuacha pale uliposhukia utateleza katikati ya wimbo. Ukimaliza, rudia nyuzi zote sita kwa tyuna (kifaa cha kupima sauti ya uzi), hata zile ambazo hukuzigusa. Gitaa lenye daraja la springi ndilo linalosumbua zaidi: ukigusa uzi mmoja, nyingine zote zinahama, na huenda ukazunguka mara tatu nne kabla halijatulia.

Uzi wa nne ukinguruma kwenye freti (vyuma vya shingoni), umelegea mno kwa unene wake. Weka mnene kidogo. Wa pili ni wa kuangalia pia, maana uzi uliochakaa hukatikia hapo.

Sasa piga nyuzi zote bila kubonyeza chochote. Hiyo ni kodi ya F meja tisa, na ndiyo ile huzuni tamu unayoisikia. Siri ya pili ni kwamba magitaa ni mawili na hayapigi kitu kimoja. Ukijaribu kubana sehemu zote mbili kwenye gitaa moja utachanganyikiwa bure. Chagua moja, nyingine mpe mwenzako. Wala usitie distoshen, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme. Ukishaitia, noti moja moja zinafifia na kazi yote inapotea.

Ile nyumba ya kwenye jalada ipo kweli? (Msomaji, Kigali)

Ipo, West High Street, Urbana. Picha ni ya Chris Strong. Mwaka 2023 bendi, Polyvinyl, Strong na wenzao waliinunua isije ikabomolewa. Mtaa ni wa makazi, watu wanaishi pale. Picha piga ukiwa barabarani, usipande kibarazani.