Kabla ya kukimbilia boksi, tafuta kazi ya chuoni

Kila mwaka msimu wa barua za udahili ukifika, vijana wa jumuiya yetu hapa Marekani huniletea barua zao za msaada wa fedha tuzisome pamoja. Kuna ruzuku ya Pell, yaani msaada wa serikali usiorudishwa kwa wenye kipato kidogo, kuna mkopo wa serikali, kuna ufadhili wa chuo chenyewe, na chini yake mstari wa Federal Work-Study, mpango wa serikali wa kazi za wanafunzi, tuseme dola 2,500. Wengi hujumlisha zote, wakatoa ada, wakaona wamevuka. Hapo huwa nawasimamisha. Hizo 2,500 bado si zako. Ni kibali cha kufanya kazi na kulipwa hadi kiasi hicho, na kazi yenyewe unaitafuta mwenyewe. Mwaka ukiisha hujaipata, fedha hizo hazikusubiri.

Mpango huu ulianza 1964, katika sheria ya Rais Lyndon B. Johnson ya kupambana na umaskini, na ndio ulionivusha mimi niliyetoka kwenye familia ya wafanyakazi wa ghalani. Unaombwa kwa fomu ileile ya FAFSA inayotumika kuombea misaada mingine ya serikali kuu. Raia wanaingia, wenye grini kadi wanaingia, na wakimbizi waliopokelewa kisheria pia. Waliokuja kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 hawaguswi na fedha hizi za serikali, ila wanaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea.

Sasa, boksi, yaani kazi ya kubeba mizigo ghalani. Najua linavyovuta. Ghala mara nyingi linalipa zaidi kwa saa, ilhali kima cha chini cha serikali kuu hakijasogea kutoka dola 7.25 tangu 2009, na katika baadhi ya majimbo kazi ya chuoni haiendi mbali na hapo. Nyumbani kuna kodi ya nyumba, na kuna simu za ndugu zinazoingia usiku. Simlaumu hata kidogo anayekwenda. Ninachoomba ni kwamba upige hesabu nzima. Ghalani utakatwa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni. Mwanafunzi anayeajiriwa na chuo anachosoma kwa kawaida hakatwi. Kipato cha ghalani kinaingia kwenye hesabu ya msaada wako wa baadaye, na kikipanda sana msaada unaweza kupungua. Cha Work-Study kinaondolewa kwenye hesabu hiyo. Ongeza mafuta ya gari, na zamu inayoisha alfajiri wakati una maabara saa mbili asubuhi.

Mimi nilikaa kaunta ya maktaba. Nyuma ya kaunta ile palikuwa na rafu ya vitabu vya kiada ambavyo walimu huviweka akiba, vinaazimwa kwa saa mbili tu na havitoki nje ya jengo. Kitabu cha kemia kilichokuwa dukani kwa bei ya kukatisha tamaa kilikuwa pale, jalada limechoka, kurasa za asidi na besi zimekunjwa pembe. Jioni watu wakipungua, nikisharudisha vitabu vya kwenye toroli mahali pake, msimamizi aliniruhusu nisome. Nilisoma kemia yote ya mwaka wa kwanza kwenye kiti kile, nikilipwa. Na wiki ya mitihani alinibadilishia zamu bila maswali, kwa sababu na yeye yuko chuoni na anajua mitihani ni nini. Msimamizi wa ghala hata akiwa mtu mwema, ana malori yanayomsubiri.

Nafasi kama hizo huwahiwa. Usingoje wiki ya kwanza ya masomo. Julai au Agosti ingia kwenye tovuti ya ajira ya chuo, kisha uandikie idara moja kwa moja. Sentensi ya kwanza iseme kwamba una Work-Study. Si kuomba huruma: kwa kawaida serikali inabeba hadi asilimia 75 ya mshahara wako, kwa hiyo idara inayokuajiri inaweza kutoa robo tu, na mkuu wa idara analijua hilo vizuri. Ukiitwa, nenda na hati halisi za fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi Marekani, maana nakala hazikubaliwi. Grini kadi peke yake inatosha.

Ukishaanza, linda salio lako. Kwa dola 12 kwa saa, dola 2,500 ni kama saa 208. Ukizigawa kwa wiki 30 za masomo, ni saa saba hivi kwa wiki. Ukifanya 15 kwa wiki, zinaisha Krismasi haijafika, na idara isiyo na bajeti yake itakuomba usimame. Salio likikaribia kuisha mwambie msimamizi mapema, wala usingoje akushtukize. Halafu nenda ofisi ya misaada ya fedha mwanzoni mwa muhula wa pili ukaombe waongeze kiwango chako. Wapo wenzako waliopewa na hawakutafuta kazi, wengine wamehama chuo, na fedha zao ofisi inaweza kuwagawia wengine. Anayepata ni yule aliyekwenda kuuliza.