Shangazi, mama amegoma kuhama Sinza

*Shangazi shikamoo. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Mama ana miaka 71, yuko Sinza, hapa Dar, kwenye nyumba yetu na binti wa kazi. Mtaa umeharibika: ubavuni gesti, nyuma baa, muziki mpaka usiku wa manane. Mimi na mume wangu tumejenga Goba na tumemtengea chumba chenye choo ndani. Kila nikimwambia ananijibu "sitoki", eti ana jumuiya yake na kikoba chake. Kaka yangu ameshapata mteja wa nyumba, anasema mama akihama tuuze tugawane. Nifanyeje?*
*Binti wa Pili, Goba*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kujenga, na kwa kumkumbuka mama kwenye ramani. Wengi humkumbuka nyumba ikiwa imeshapigwa bati.

Sasa nijibu wewe. Huko Goba mnatoka saa ngapi? Nadhani saa kumi na moja alfajiri, kuwahi foleni, na kurudi ni saa mbili usiku. Katikati hapo mama atakuwa na nani? Ukuta, geti jeusi, binti wa kazi na runinga. Majirani wa huko mnawajua kwa magari yao. Sinza mama akichelewa kufungua dirisha asubuhi, yule wa genge anapiga hodi kuuliza kulikoni. Jumamosi jumuiya isipomwona, wanamfuata. Viwanja vile vilipimwa miaka ya 1970, serikali ikakata, watu wakajijengea wenyewe, na waliojenga pamoja wanajuana hadi madeni. Presha ikimpanda usiku, nani atafika kwanza, wewe kutoka Goba au jirani wa ng'ambo ya barabara?

Ila sisemi baa ni kitu kidogo. Mtu wa miaka 71 anahitaji usingizi. Kama chumba chake kiko upande wa nyuma, wikiendi hii nendeni mkamhamishie kitanda mbele. Halafu andikeni barua, majirani watie saini, mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Asipofanya kitu, nendeni NEMC, wale wasimamizi wa mazingira, maana kanuni za kelele zipo tangu 2015, na nakala ipelekeni Manispaa ya Ubungo, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kwenu Goba. Asiende mama peke yake. Mzee akienda peke yake anaambiwa "tutalifanyia kazi, bibi" na muziki unaongezwa.

Kama kuna vyumba vya uani, mshaurini apangishe kimoja kwa binti anayesoma Chuo Kikuu. Wanafunzi wanavitafuta sana huko, kodi itamsaidia dawa, na usiku kutakuwa na mtu wa kupiga simu.

Goba mwalike likizo ya shule, wajukuu wakiwa nyumbani. Aje kama mgeni, na begi dogo, akijua siku ya kurudi. Akipenda mwenyewe atakwambia. Barua nzima nimeisoma, sijaona mahali ulipomuuliza anataka nini.

Kuhusu kaka yako, nyumba bado iko kwa jina la marehemu? Basi hakuna wa kuuza. Kinaanza kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, muende mahakamani na cheti cha kifo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Na mama si wa kuhamishwa ili ninyi mgawane. Naye ni mrithi, tena ana jasho lake kwenye nyumba ile. Muulize kaka, taratibu tu, kama ameshapokea advansi. Akianza kubabaika, iteni kikao wiki hii hii, na mama akae mbele. Mteja atasubiri. Akishindwa kusubiri aende zake, nyumba ya Sinza haijawahi kukosa mnunuzi.