Nimeokoka, je bado nirudishe nilichodhulumu?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu uliyeuliza. Umesema kabla ya kuokoka ulikuwa ukiwapunja wateja dukani, na sasa wapendwa wamekuambia usijisumbue kurudisha chochote kwa sababu damu ya Yesu imeshafuta yote. Mimi nakuambia rudisha. Hutarudisha ili upate wokovu, huo umeupewa bure kwa neema. Utarudisha kwa sababu umesamehewa, na yule uliyempunja bado ana hasara yake.

Mimi nimekulia Kagera katika nyumba ya Walokole. Bibi yangu aliokoka katika uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuvuka hadi kwetu. Leo watu wanaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza Yesu. Bibi alipotusimulia, habari ilikuwa ya watu waliobisha hodi na jembe la jirani mkononi, au waliomwendea ndugu wasiyesemezana naye miaka mingi. Kutembea nuruni, kwao, kulikuwa na miguu.

Nami nimeyaona kwa macho yangu. Mzee mmoja wa ushirika wetu wa kanisani alikuwa zamani karani wa kupima kahawa ya maganda kijijini. Gunia likiwa kwenye mizani alisoma pungufu kilo mbili tatu, na zile zilizobaki aliziandika kwa jina la shemeji yake. Baada ya kuokoka alishuhudia vizuri sana, lakini njia ya kupita kwa mjane fulani aliikwepa, akazungukia migombani. Siku moja akatuletea daftari lenye majina, akaomba tumsindikize.

Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza: "Ni msimu ule nilipomtoa mwanangu shule kwa kukosa ada?" Ulikuwa msimu huohuo. Mzee alilia pale uani kama mtoto. Pesa alilipa, tena aliuza ng'ombe ili alipe zaidi ya alichokula, na baadaye akabeba ada ya mjukuu wa yule mama. Lakini shule ya yule kijana haikurudi, na hakuna aliyejifanya kwamba imerudi. Nyumba nyingine tulifukuzwa kwa matusi. Mzee aliiacha bahasha kwa balozi wa nyumba kumi, tukaenda zetu. Msamaha wa mtu huwezi kumdai.

Soma Luka 19 polepole. Yesu anaingia kwanza nyumbani kwa Zakayo, mtoza ushuru, hajamwekea sharti lolote. Ndipo Zakayo anasimama mwenyewe: "Ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Torati ilimtaka mtu anayeungama mwenyewe arudishe kile alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu (Hesabu 5:7). Mara nne ni adhabu ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza (Kutoka 22:1). Kwa hiyo Zakayo alijihukumu kwa kiwango ambacho hakuna aliyemdai. Hapo ndipo ninapoiona imani yake. Yohana Mbatizaji naye, watoza ushuru walipomuuliza wafanye nini, hakuwaambia wafunge na kuomba. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa.

Sasa kwako. Usiende peke yako, chukua mzee wa kanisa mwenye kifua, asiyebeba maneno. Ungama la kwako tu. Kama mlishirikiana na mtu, usimtaje, yeye ana siku yake. Nimeona ndoa na udugu vikivunjika kwa ushuhuda wa mtu mmoja uliowaanika wengine. Aliyefariki, wape warithi wake. Asiye na jamaa, Hesabu 5:8 inasema malipo yatolewe kwa Bwana. Wateja uliokwisha kuwasahau huwezi kuwafuata wote, hapo wasaidie maskini wa mtaa huohuo. Na kama huna pesa yote, taja deni zima, toa ulichonacho, andikishianeni kilichobaki na ulipe kidogokidogo. Mizani ya dukani ipeleke kwa watu wa vipimo wiki hii, kabla ya kuuza kilo nyingine.

Ukiwa upande wa Bukoba au Muleba nitumie ujumbe. Jumamosi huwa nina nafasi, nitakusindikiza.