Maswali ya Wasomaji: Mguu wa Mbele Umebadilika, wa Nyuma Umechelewa

SWALI: Farasi wangu ana miaka 9 na kanta yake (mwendo wa kasi ulio kati ya troti na mbio kamili) ni nzuri pande zote mbili. Nimeanza kumfundisha kubadili mguu hewani, yaani kubadili mguu unaoongoza bila kutoka kanta. Kutoka kushoto kwenda kulia hana shida. Kutoka kulia kwenda kushoto, mguu wa mbele hubadilika papo hapo na wa nyuma hufuata hatua moja baadaye. Kila nikirudia, anazidi kuharibu.
Mpanda farasi, Njoro

JIBU: Acha kurudia, ndugu yetu. Farasi hukariri kosa upesi kama anavyokariri jambo jema, na kosa hili likishazoeleka huchukua miezi kuliondoa.

Kanta ni mapigo matatu na kimya kifupi. Katika kanta ya kushoto, ambayo mguu wa kushoto wa mbele ndio unaoongoza, mguu wa kulia wa nyuma hutangulia kukanyaga, kisha wa kushoto wa nyuma pamoja na wa kulia wa mbele, mwisho wa kushoto wa mbele. Baada ya hapo miguu yote minne iko hewani. Ni katika kimya hicho tu ndipo miguu ya nyuma huweza kupishana. Farasi akiegemea mbele, kimya hufupika: ya mbele huwahi, ya nyuma hukosa nafasi. Kwa hiyo dawa iko kwenye kanta inayotangulia badiliko.

Mpime kwa mambo matatu. Aingie kanta kutoka mwendo wa kutembea bila hata hatua moja ya troti, ule mwendo wa mapigo mawili. Atoke kanta, atembee hatua 3 hadi 5, aingie kanta ya upande wa pili, tena bila troti. Na azunguke upande mfupi wa uwanja wa mita 20 kwa 40 katika kanta ya kinyume (mfano, kanta ya kulia huku akipinda kushoto) bila kukatika wala kutupa makalio nje. Likimshinda mojawapo, fanyia kazi hilo wiki kadhaa na usahau badiliko kabisa.

Akiyaweza yote, chora duara la mita 20 kuelekea kushoto huku yuko kanta ya kulia. Mkusanye kwa kumzuia kidogo na kumwachia, mara mbili au tatu, hadi kanta iwe fupi lakini bado inaruka. Mguu wake wa kulia wa mbele unapokanyaga, peleka mguu wako wa kulia nyuma kidogo, wa kushoto ubaki kwenye mkanda wa tandiko, nyonga yako ya kushoto isogee mbele, na mkono wa kushoto ulegee. Ukisubiri hadi umhisi yuko hewani, umeshachelewa.

Mkono huo wa kushoto ndio tunaoushuku zaidi katika swali lako. Wapandaji wengi huvuta shingo upande mpya wakidhani wanamwelekeza, kumbe wanauziba njia mguu wa kushoto wa nyuma, ule ule unaotakiwa kuja mbele. Wengine huinama kutazama kama amebadilika, na uzito wao humwangukia begani. Mwombe saisi, mtunza farasi wako, asimame kando, atazame miguu ya nyuma peke yake na akwambie, au akurekodi kwa simu mwendo wa polepole.

Akibadili safi hata mara moja, mwachie hatamu ndefu atembee. Mabadiliko 3 au 4 kwa siku yanatosha, siku 3 kwa wiki. Wakati wa mvua za Aprili usithubutu kwenye tope: akiteleza mara moja ataanza kuogopa, na farasi mwenye hofu hukimbilia badiliko. Kiangazi, mwagia uwanja maji asubuhi kabla upepo haujainua vumbi la Nakuru, maana vumbi huumiza mapafu yake kuliko unavyodhani.

Upande huo mmoja ukigoma licha ya haya yote, mwite daktari wa mifugo akague mgongo na viungo vya miguu ya nyuma. Kagua na tandiko pia. Farasi anayejengeka misuli hubadilika umbo, na tandiko lililomkaa vyema mwaka jana huweza kumbana leo.

SWALI: Farasi akishabadili vizuri, yuko tayari kwa Prix St Georges, lile jaribio la kimataifa la mashindano ya dresaji (farasi kuonyesha miondoko kwa utii)?
Msomaji, Gilgil

JIBU: Bado. Jaribio hilo hudai mabadiliko 5 kila hatua ya 4, mengine 5 kila hatua ya 3, na nusu pirueti za kanta (kugeuka nusu mzunguko karibu mahali pamoja) kulia na kushoto, katika uwanja wa mita 20 kwa 60. Badiliko moja moja kwanza liwe tulivu popote uombapo. Kisha omba mawili kwenye mstari mmoja bila kuhesabu, ukingoja kanta itulie katikati. Kuhesabu kuje baadaye.

SWALI: Lijamu mbili (vyuma viwili mdomoni, kila kimoja na hatamu yake) nianze lini?
Saisi, Naivasha

JIBU: Atakapofanya kazi yote kwa lijamu moja bila kuegemea mkono. Ukivuta hatamu ya lijamu ya chini, ile yenye mnyororo wa kidevu, mkono wake wa chuma uzunguke takriban nyuzi 45 ndipo mnyororo wa kidevu ukaze. Mkanda wa pua uache nafasi ya vidole viwili juu ya mfupa.