Muulize Mfamasia: Je, mubirizi wa mama umepimwa?

SWALI: Shikamoo Bibi Mfamasia. Mama huponda majani ya mubirizi, ule mti mchungu (Vernonia amygdalina), kwenye maji baridi na kutunywesha tumbo likichafuka au homa ikipanda. Mwanangu anayesomea maabara anasema majani hayo hayajapimwa. Mama anasema bibi zake waliyapima zamani. Nani mkweli? — Msomaji, Muleba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjukuu kateleza: mubirizi umepimwa sana. Ila kilichopimwa mara nyingi sicho kilichomo kwenye bilauri ya mama.

Maabara tunakausha majani kivulini, tunayasaga, tunayaloweka kwenye spiriti au maji, tunachuja, kisha tunakausha hadi libaki dondoo zito. Spiriti hutoa vitu ambavyo maji hayatoi, kwa hiyo jani moja laweza kukupa dondoo mbili zenye ukali tofauti. Kipimo cha sumu nilichokipenda ni cha uduvi wa maji ya chumvi. Unaangua mayai yake chini ya taa, unaweka watoto kumi kwenye kila kichupa, unatia dondoo kwa viwango tofauti. Baada ya saa 24 unainamia vichupa na kioo cha kukuzia, unahesabu wanaoogelea bado. Hicho ni kipimo cha mlangoni tu. Baadaye wanakuja panya, wanaoangaliwa siku 14: wanakula? wanatetemeka? Mwisho ini na figo zao zinakaguliwa. Ukisikia tu kwamba dondoo limeua bakteria kwenye sahani, usishangilie. Hata jiki inaua.

Tena mti mmoja hauna sumu sawasawa kila sehemu. Mwaka 1987 kule Mahale, hifadhi ya sokwe mkoani Kigoma, sokwe jike aitwaye Chausiku aliugua, akavunja tawi changa la mti huuhuu, akatupa majani na magome, akatafuna kiini na kunyonya utomvu wake mchungu. Kesho yake alikuwa na nafuu. Waliomshuhudia ni Michael Huffman, mtafiti wa sokwe, na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe (kabila la huko) mjuzi wa miti ya dawa. Wanakemia walipochambua, wakakuta vernodalini, kemikali yenye sumu, imejaa kwenye majani na magome. Yaani kile alichokitupa Chausiku ndicho mama anachoponda! Sisemi mama anawalisha sumu. Watongwe nao huloweka majani hayo kwa tumbo, na Wanijeria huyala, lakini baada ya kuyafikicha na kuyaosha sana. Kiasi na namna ya kuandaa ndiyo dawa yenyewe.

Kwa homa sikubali. Mkapimwe malaria kwanza, ikionekana mmeze dawa mseto mpaka dozi iishe. Mjamzito asiyaguse. Na anayemeza vidonge vya kisukari aseme kwa daktari kabla ya kunywa, maana majani haya hushusha sukari ya damu kwa panya wa maabara.

Mwanao akipata nafasi ya kuyapima, aanze na maji baridi, kwa kiasi kilekile anachoponda bibi yake.