Kalamu ya Baltar ilivyoniumbua

Wiki iliyopita nilimaliza kuandika upya mapitio ya tamthilia moja ya televisheni niliyoyachapisha mwaka juzi, na tayari mhadhiri mmoja wa sheria ameniomba ruhusa ayasome na wanafunzi wake. Nalisema hili mapema mjue mambo yaliishia pazuri, maana yalianza kwa aibu tupu.

Wapenzi wa tamthilia za kisayansi mnaijua Battlestar Galactica. Msimu wake wa 3 ulifunguliwa Oktoba 2006 kwa sehemu mbili zilizorushwa usiku mmoja, "Occupation" na "Precipice". Binadamu waliosalia wamejificha kwenye sayari ya New Caprica, Wasailoni, yaani zile mashine zilizowaangamiza binadamu wengine, wamewafuata huko huko, na Rais Baltar amesalimu amri. Mahema, matope, jela, na polisi wa kibinadamu wanaofunika nyuso wakikamata binadamu wenzao. Kama hujaitazama ishia hapa, kwa sababu nafichua kisa.

Kilichoniponza ni karatasi moja. Rubani wa zamani amejilipua kwenye mahafali ya polisi. Wasailoni wanaandaa orodha ya watu wa kuuawa na kumpelekea Baltar aisaini. Anakataa. Anaelekezewa bastola kichwani. Six, Msailoni anayempenda, anapomtetea, mwenzake anampiga risasi pale pale, kisha bastola inarudi kwa Baltar. Anasaini.

Mimi, kwa kujiona mjuzi, nikaandika: "Wasailoni ni wakatili lakini si wajinga. Rais halali akishasaini, mauaji nayo ni halali." Niliipenda sana sentensi ile. Niliisoma kwa sauti, peke yangu, kama mara nne hivi.

Dada mmoja msomaji wangu akaniandikia: "Kaka, kasome kifungu cha 47, halafu urudi." Basi. Hata hakusema kifungu cha 47 cha nini. Nikakisia ni cha Mikataba ya Geneva, ile ya sheria za vita, nikamjibu kwa jeuri kwamba hii ni hadithi ya maroboti, huko angani hakuna Geneva. Mpaka leo naona angeweza kuniambia kwa upole zaidi, lakini tuyaache.

Nilikaa na kinyongo siku 3 kabla ya kuufungua Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, ule unaolinda raia wakati wa vita. Kifungu cha 47 kinasema kwamba raia wa eneo linalokaliwa na jeshi la adui hawapotezi ulinzi wao kwa sababu serikali yao imebadilishwa, wala kwa sababu viongozi wao wameafikiana jambo na jeshi lililowakalia. Nilikisoma nikahisi masikio yanawaka moto. Waliouandika mkataba ule walikuwa wametoka juzi tu kwenye Vita vya Pili vya Dunia, walishaona serikali za vibaraka zikisaini kila zilicholetewa. Akina Baltar waliwajua miaka zaidi ya 50 kabla Baltar huyu hajakaa mbele ya karatasi ile. Kwa hiyo hata bila bastola, hata kama angesaini akicheka, sahihi yake isingekuwa na thamani yoyote.

Ukishakosea kimoja unaanza kuona vyote. Kifungu cha 33 kinakataza kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda yeye mwenyewe. Cha 68 kinabana adhabu ya kifo iwe kwa makosa machache mazito, kama ujasusi au hujuma kubwa dhidi ya mitambo ya jeshi, tena kama sheria za huko zilikuwa na adhabu hiyo kabla ya ukaliaji. Na cha 75 kinataka ipite angalau miezi 6 tangu nchi inayosimamia maslahi ya raia hao ijulishwe hukumu; muda huo unaweza kufupishwa kukiwa na dharura kubwa, lakini taarifa lazima itolewe. Kwenye "Precipice" hakuna hata hukumu ya kutolea taarifa. Kuna lori la kuwabeba watu kwenda kuuawa.

Ushauri wangu, basi, kwa nyinyi mnaotaka kuwa wahakiki kama mimi: msihakiki ukaliaji kabla ya kusoma sheria yake. Someni kwanza. Na mkishasoma, someni tena, kwa sababu mimi niliposoma mara moja nilikosea upande wa pili.

Rasimu yangu mpya ilikiita uhalifu kila walichofanya Wasailoni. Si kweli. Kanuni za Hague za 1907, kifungu cha 43, zinalitaka jeshi linalokalia lirejeshe utulivu, huku likiheshimu sheria zilizokuwepo kadiri inavyowezekana. Mkataba wa 1949 unaruhusu hata kumzuilia raia kwa sababu za lazima za usalama, mradi awe na haki ya kukata rufaa na kesi yake ipitiwe kila baada ya muda. Kwa hiyo Cally, mmoja wa binadamu wa New Caprica, anapochukuliwa usiku huku analilia mtoto wake, kumkamata peke yake si mwisho wa hoja. Tuulize: ameshtakiwa kwa nini? Wakili wake yuko wapi? Amepelekwa mahakama gani? Hakuna. Na hata mtu akishukiwa kuwa ndiye aliyetega bomu, kifungu cha 5 hakiruhusu anyimwe kesi ya haki. Ndugu zangu, tukishangilia milipuko bila kuuliza maswali haya tunakuwa watazamaji wavivu, na uvivu huo tunauhamishia kwenye taarifa ya habari, ambako waliokaliwa si waigizaji.

Baadaye nilimwomba radhi yule dada wa kifungu cha 47. Alinijibu kwamba alikulia kwenye ukaliaji. Kilichomshtua kwenye sehemu zile hakikuwa risasi, ni vitambaa vya usoni. Kwao pia polisi walijifunika, akasema, ila usiku waliokuja kumchukua baba yake walimtambua mmoja wao kwa viatu: vya kahawia, kisigino kimoja kimepigwa kiraka cheusi. Jirani yao alikuwa amevivaa kwenye harusi ya kaka yake.

Niliposoma vile nikamkumbuka Jammer, polisi anayemfungua Cally na kumwambia akimbie wakati wengine wanasubiri kuuawa. Mtu wa kawaida, fundi tu. Ilikuwa niandike aya nzima juu yake. Nikasongwa na vifungu.

Juzi nilimtumia mapitio mapya, nikiwa nimeshamwambia habari za mhadhiri, nikisubiri pongezi. Amejibu asubuhi hii: "Vifungu viko sawa, kaka. Viatu umevisahau."