Muulize Fundi: Hilux imeinuliwa, matairi makubwa, difu gani lifuate?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Karatu, nina Hilux pikapu ya zamani, injini ya dizeli ya 3L, springi za majani mbele na nyuma. Kazi yake ni kubeba vitunguu kutoka Mang'ola. Masika ya mwaka jana nilikwama mara tatu, tumbo la gari limekaa juu ya tuta la katikati ya njia, matairi yanaelea. Nikaamua kuliinua. Niliongeza majani, nikafunga shakeli ndefu (vyuma vinavyoshika ncha za springi), nikatoa matairi ya 205R16 nikaweka 285/75R16. Sasa halikwami, ila nguvu imekwisha. Mlima niliokuwa napanda kwa gia ya tatu napanda kwa ya pili, na gia ya tano imebaki ya mteremko tu. Mafuta nayo: zamani lita moja ilinipeleka kilomita 10, sasa 8. Fundi wangu ameshusha difu la nyuma (kile kichwa cha gia katikati ya ekseli) akahesabu meno 41 kwa 10. Anasema nitafute kroni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu) ya 5.29 nibadilishe la nyuma peke yake, kwa sababu la mbele "halifanyi kazi siku zote". Ni kweli? Nitafute namba gani?
Msomaji, Karatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanzia mwisho wa barua yako, maana hapo ndipo pesa yako inapotaka kuzama.

La mbele huwezi kuliacha. Ukivuta mkono wa 4WD kwenye Hilux ya aina yako, transfa, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, inazifunga propela mbili, mihimili inayopeleka nguvu kwenye difu la mbele na la nyuma, zizunguke sawasawa. Sasa nyuma una 5.29, mbele una 4.10. Matairi ya nyuma yakitembea mita 100, ya mbele yanataka kutembea mita 129. Kwenye tope yatasukumana na kuteleza. Ukifika pagumu kitu kinakatika: krosi ya propela, ekseli, au gia za transfa. Fundi wako yuko sahihi kwamba la mbele halifanyi kazi siku zote. Linafanya kazi siku ile moja uliyokwama, na ndiyo siku uliyoliinulia gari.

Kosa hili silisimulii kwa kuambiwa. Nilipokuwa bado na gereji pale Unga Limited, Arusha, alikuja mteja ana haraka na pesa ya difu moja. Akaniapia kwamba mkono wa 4WD hataugusa. Nikamfungia la nyuma tu, nikamwandikia kwa rangi nyekundu kwenye dashibodi: USIVUTE. Baada ya wiki chache gari likarudi kwa kamba kutoka Makuyuni, transfa imepasuka ganda. Yeye hakuvuta. Alivuta mdogo wake aliyeazima gari kwenda msibani, na ambaye kusoma maandishi ya dashibodi hakukuwa katika mipango yake ya siku hiyo. Tangu hapo difu moja sifungi, hata mteja alie.

Tuje kwenye namba. Namba ya difu ni meno ya kroni ukigawa kwa meno ya pinioni. Yako, 41 kwa 10, ni 4.10: propela inazunguka mara nne na kidogo ili tairi lizunguke mara moja. Kuinua gari hakukubadili hesabu hiyo hata chembe. Kilichobadilika ni tairi, na tairi usilisome kwa maandishi ya ubavuni. Lijaze upepo wa kazi, pakia mzigo wa kawaida, chora mstari wa chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka chaki irudi chini, kisha pima kwa futi ya mkanda. Juzi nilifanya hivyo kwa Hilux mbili za majirani zenye matairi kama yako ya zamani na ya sasa. La 205R16 lilitembea mita 2.26. La 285/75R16 lilitembea mita 2.54. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 12 na kidogo. Pima na lako, maana tairi lililolika linadanganya.

Basi ukitaka gari lirudi lilivyokuwa, chukua 4.10, zidisha kwa 2.54, gawa kwa 2.26. Inakuja 4.61. Dukani 4.61 hakuna. Kwa difu lako la inchi 8 utakutana na 4.56, yaani 41 kwa 9, na 4.88, yaani 39 kwa 8. Na hiyo 5.29 ya fundi wako, ambayo ni 37 kwa 7.

Uone inavyokuwa barabarani. Ukienda 80 kwa saa unakata mita 1,333 kila dakika. Kwenye gia ya nne propela na injini huzunguka sawa, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Zamani injini yako ilikuwa kwenye mizunguko 2,420 kwa dakika, na 3L inavuta vizuri kuliko popote karibu na 2,400. Kwa hiyo ulikuwa umekaa kwenye kiti chake. Leo, kwa mwendo uleule, iko 2,150. Injini isiyo na tabo (turbo) ukiishusha chini ya pale inapopenda, inaguna tu na kutoa moshi mweusi. Ukifunga 4.56 unarudi 2,390. Ukifunga 4.88 unapata 2,560.

Mimi kwako naona 4.88. Kwenye karatasi 4.56 inarudisha hali ya zamani, lakini karatasi haijui kwamba tairi la 285 ni zito kulizungusha, kwamba gari lililoinuka linapigwa na upepo zaidi, na kwamba vitunguu unavitoa bondeni kwenye ziwa Eyasi kuvipandisha juu. Ile 4.88 inakupa mvuto unaozidi wa zamani kwa karibu asilimia 6, na hiyo sita ndiyo itakayokurudisha gia ya tatu mlimani. Ungekuwa unaendesha gari tupu kwenye lami ya Arusha ningekuambia 4.56, na ungenishukuru kila ukifika 100 kwa saa.

Hiyo 5.29 ni ya mtu mwenye matairi makubwa kuliko yako. Kwako injini itapiga kelele kwenye lami bila faida. Halafu angalia pinioni: ili kupata namba kubwa, meno ya pinioni yanapunguzwa na kichwa chake kinakuwa kidogo. Meno saba yanabeba kazi ile ile iliyobebwa na kumi. Kwa mtu wa mizigo sioni sababu.

Nirudi kwenye mafuta, maana hapo unajionea huruma kupita kiasi. Kipimo chako cha kilomita kinasoma mzunguko wa propela, hakijui kwamba umebadili tairi. Kikihesabu kilomita 8, wewe umetembea 9. Hasara yako ni kilomita moja kwa lita, si mbili; nyingine ni ya mshale tu. Na mshale huohuo utakuponza Mto wa Mbu: ukisoma 50, mwenye tochi anasoma 56. Ukifunga 4.88 uongo unageuka upande wa pili, ukisoma 80 utakuwa 76 hivi. Huo uongo trafiki hana ugomvi nao.

Sasa habari njema. Hilux yako yenye ekseli nzima mbele ina difu la aina moja mbele na nyuma, lile linalochomolewa zima na bakuli lake. Kwa hiyo huna haja ya kununua kroni mpya na kufanya kazi ya uchawi. Unaweza kutafuta madifu mawili kamili yaliyotumika, kutoka kwenye magari yaliyokatwa Dubai au Japani, pale Gerezani Kariakoo. Usiulize "hili ni ngapi?" kwa sababu utajibiwa namba unayoitaka. Weka alama kwenye flanji ya pinioni, ile sahani inayofungwa propela, weka nyingine kwenye kroni, zungusha kroni mzunguko mmoja kamili huku unahesabu flanji. Ikizunguka mara nne na moja ya kumi, hiyo ni 4.10, rudisha. Ikikaribia tano, hiyo ndiyo. Kisha, hata ukiambiwa ni jipya, fungua karatasi za stoo zilizolifunika, na pitisha kucha kwenye meno. Vijishimo kama ndui maana yake lilikaa na maji au oili chafu, hilo litalia. Hesabu pia mataji, ile mifereji ya ndani inapoingia ekseli, yalingane na yako, na matundu manne ya flanji yalingane na propela.

Ukinunua kroni na pinioni mpya, nunua seti iliyozaliwa pamoja. Kroni na pinioni husagwa kwa pamoja kiwandani na huandikwa namba moja. Ya huku na ya kule hazipatani hata zikiwa na meno sawa. Na hapo uchague fundi kwa makini kuliko ulivyochagua vipuri. Muulize swali moja: una saa ya kupimia? Uchezaji kati ya meno ya difu hili unatakiwa uwe milimita 0.13 hadi 0.18. Hakuna kidole cha binadamu kinachosikia hiyo. Akikujibu kwamba yeye anasikia kwa mkono, mlipe soda umuage. Anayejua kazi atapaka rangi kwenye meno, azungushe, akuonyeshe alama inavyokaa katikati ya jino, kisha abadilishe shimu (vibati vyembamba vya kusogeza gia) kama imekimbilia ncha au shina. Pia atakuagizia kola mpya ya pinioni, kile kibomba chembamba kati ya beringi mbili. Kinapondwa mara moja tu wakati wa kukaza nati. Kikirudiwa, pinioni inalegea na difu linaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki.

Likishafungwa, tia oili ya difu ya GL-5, 80W-90, mbele na nyuma. Siku ya kwanza tembea kilomita 30 bila mzigo, taratibu, halafu liache lipoe kabisa. Rudia mara mbili au tatu. Vitunguu visubiri mpaka ufikishe kilomita 800, na hapo mwaga oili yote uweke nyingine, utaona unga wa chuma unaong'aa. Usishtuke na unga. Shtuka ukiona kipande.

Mambo mawili uliyoyapita haraka kwenye barua. Shakeli ndefu zimegeuza pembe ya ekseli. Kama usukani haurudi wenyewe baada ya kona, au propela inatetemeka ukiwa 60, peleka ukarekebishiwe kwa vipande vya kabari kabla ya kufunga difu jipya, la sivyo utalilaumu bure. Na breki zako ni zilezile, tairi ni zito zaidi. Ukishuka kule Manyara na mzigo, tumia gia, usiukalie mguu wa breki.

Kama baada ya kupiga bei ya madifu mawili, beringi, sili, oili na ufundi umekaa kitako, kuna njia ya maskini ambayo sioni aibu kuitaja. Uza hayo ya 285 yakiwa bado na meno, funga 7.00R16. Ni jembamba, linazidi lako la zamani kwa karibu asilimia 5 tu, na linakata tope kufika chini kwenye ugumu. Kwa asilimia 5 hiyo, difu lako la 4.10 linavumilika, na kuinuka kwa springi kunabaki palepale.

SWALI: Mzee, nina Land Rover Defender 110 imewekwa giaboksi na transfa ya Discovery. Nimeweka matairi makubwa kidogo, imekuwa nzito. Jirani ana madifu ya Land Rover za zamani za Series, anauza kwa bei ya chuma chakavu. Niyachukue?
Msomaji, Singida

JIBU: Ya Series ni 4.7, yako ni 3.54. La mbele linaweza kukuingilia kwenye ganda, sikatai, ila ganda la nyuma la 110 nyingi ni la aina nyingine; na hata yakiingia, injini itazunguka theluthi moja zaidi kwa mwendo uleule. Ukifika 70 utadhani gari linataka kuruka. Tena 110 inavuta mbele na nyuma muda wote, kwa hiyo ni lazima yote mawili, na ekseli za mbele za mwaka 1994 hivi kuja huku zina mataji 24 wakati za zamani zina 10.

Tatizo lako liko mbele zaidi. Transfa ya Discovery kwenye gia kubwa ni 1.22, ile ya kwako ya asili ya 110 ilikuwa 1.41. Aliyekuwekea hiyo alikupunguzia nguvu kabla hujanunua tairi hata moja. Tafuta transfa ya 1.41, utapata mvuto wa asilimia 15 zaidi bila kufungua difu, na kazi ni ya siku moja kwa fundi mwenye jeki ya giaboksi. Soma namba iliyogongwa kwenye ganda kabla ya kulipa, maana kwa nje zinafanana kama pacha. Chuma chakavu cha jirani mwachie jirani.